Karatasi kwenye Kioo cha Nedyalka

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Zornitsa alisimama mbele ya duka la mikate na kulitazama dirisha la duka lililo upande wa pili wa barabara. Watu waliompita walidhani anasubiri mkate wa moto. Kumbe alikuwa kazini. Bi Karastoyanova, mwalimu wa upambaji wa maduka katika shule ya ufundi ya mji mdogo wa milimani wa Troyan, alikuwa amewafundisha kwamba dirisha halipambwi na mtu aliyejifungia ndani yake. Mpambaji hutoka nje, huvuka barabara, hujifanya mpita njia mwenye haraka zake, kisha hujiuliza jicho limeangukia wapi kwanza.

Zornitsa alikuwa na miaka kumi na minne. Wenzake wengi walichagua somo hilo wakidhani ni la kuvalisha sanamu nguo na kupiga soga. Walipokuta kuna kupima, kukata, kupiga pasi, kupanda ngazi na kutundika vitu kwa uzi wa kuvulia samaki mpaka vidole vinachanika, nusu yao walihamia upishi. Zornitsa alibaki. Alikuwa na bidii ya kweli, na hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu yanayofuata hayampi sifa.

Kila mwanafunzi alipewa duka la kufanyia mazoezi. Zornitsa alipewa duka la nyuzi na vitambaa la Nedyalka, mama mjane ambaye watoto wote wa mtaa ule walimwita shangazi. Dirisha lake lilikuwa pana, na juu yake kulikuwa na turubai lililozuia mvua na theluji. Mwanafunzi angeweza kuota dirisha kama hilo usiku kucha.

Januari ya mwaka ule, Lachezar, mwana pekee wa Nedyalka, alikufa. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha samani, na gari lake liliteleza kwenye barafu akiteremka kutoka vijiji vya juu. Nedyalka alimzika, akajifungia ndani siku chache, kisha akarudi dukani na nguo nyeusi, akaanza kuuza nyuzi nyekundu na nyeupe. Hakuwa na hiari. Machi ilikuwa inakaribia, na Machi mosi hakuna mkono unaobaki bila martenitsa, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja kwa ajili ya afya ya mwaka mzima. Mama huyo alikata nyuzi za afya za watoto wa wenzake huku wa kwake yuko chini ya theluji. Alipokata, hakumtazama mtu usoni.

Kwetu mtu akifa, sura yake na jina lake hubandikwa kwenye karatasi: mlangoni mwa nyumba yake, kwenye miti, kituo cha basi, kwenye vioo vya maduka. Arobaini ikikaribia hubandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, mwaka nyingine tena. Mji umejaa nyuso za marehemu, na ukweli ni kwamba tumezizoea mno. Tunapita mbele yao tukizungumza habari za jibini na mpira. Karatasi ya Lachezar ilikuwa kwenye kioo cha duka, upande wa kulia wa mlango, usawa wa macho. Zornitsa aliiona kila siku, na kwa kuwa aliiona kila siku, akaacha kuiona.

Ijumaa, Machi mosi, ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Bi Karastoyanova angepita kila dirisha akiwa na mpambaji mmoja kutoka duka kubwa la jiji la Plovdiv. Mwenye dirisha bora angekwenda Plovdiv kiangazi chote kufundishwa kazi na wapambaji wenyewe. Nafasi ilikuwa moja tu. Zornitsa aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na bibi yake, Tsona, aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake aende kuokota matunda Hispania, aliombea jambo hilo kila jioni.

Alitengeneza Pizho na Penda, wale wanasesere wawili wa uzi wa martenitsa, mmoja mweupe na mwingine mwekundu, lakini wakubwa, kila mmoja urefu wa mtoto wa chekechea. Aliwatundika juu ya mlima wa mabonge ya sufu nyeupe, akaelekeza taa moja tu juu ya Penda, na pembeni akaacha nafasi tupu, kwa sababu mwalimu alisema jicho nalo linahitaji mahali pa kupumzika. Lilikuwa dirisha zuri kweli. Hata muuza mikate alitoka nje kulitazama.

Nedyalka hakuwepo. Arobaini ya mwanawe ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo tangu Alhamisi alikuwa nyumbani akichagua na kuchemsha ngano ya wafu, ile inayogawiwa watu kaburini, na ufunguo wa duka alimwachia Zornitsa.

Asubuhi ya mtihani Vesela, mwenzake wa darasa, alipita akielekea kwenye dirisha lake la viatu. Alisimama, akatazama, akacheka kidogo.

"Zori, samahani, lakini duka lako linauza nyuzi au majeneza?"

"Kwa nini?"

"Njoo huku uone mwenyewe."

Zornitsa alivuka barabara na kusimama kando yake. Jicho lake, ambalo kwa wiki nzima lilikuwa limemwangalia Penda tu, sasa liliangukia kwenye karatasi yenye ukingo mweusi. Ilikaa palepale alipoacha nafasi tupu. Nyekundu, nyeupe, kisha nyeusi. Vesela alimpigapiga begani, akamwambia wakaguzi wataanzia mtaa wa juu, kwa hiyo ana muda wa kulia.

Zornitsa hakulia. Aliwaza kwamba karatasi kama ile zimebandikwa mji mzima, kwamba kila mtu anajua Lachezar amekufa, na kwamba ataibandua taratibu, ataificha, kisha wakaguzi wakiondoka atairudisha. Mpango haukuwa mbaya sana. Alileta maji ya moto na wembe. Lakini gundi ya Nedyalka ilikuwa ngumu, na karatasi ilipolowa ikaanza kutoka vipande vipande: kwanza pembe, halafu paji la uso, halafu maandishi. Mkononi mwake mlibaki tope la kijivu lenye jicho moja. Alilitia kwenye ndoo ya matambara, akapangusa kioo kwa siki na gazeti mpaka kikang'aa.

Wakaguzi walipokuja, mgeni wa Plovdiv alisimama mbele ya duka la mikate akilitazama dirisha kwa muda mrefu. Kisha alisema anayejua kuacha nafasi tupu katika umri ule, mtu huyo hafundishwi, huongozwa tu. Zornitsa alipata alama ya juu kuliko wote. Wasichana walimfunga martenitsa mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alirudi nyumbani akikimbia, na habari ya karatasi aliikumbuka akiwa kitandani. Alijiambia ataomba nyingine Jumatatu.

Jumamosi mchana Bibi Tsona alirudi kutoka kwenye arobaini akiwa bado na maua yake. Yalikuwa manne, kwa maana maua ya wafu lazima yawe na hesabu ya jozi. Aliyaweka mezani bila kuvua koti.

"Hakukuwa na kitu," alisema. "Tumekwenda kanisani kama kawaida, geti limefungwa, mafundi wametoa paa. Tumesimama kwenye theluji, vijana wa kiwandani, watu wa vijiji vya juu, mimi na kiuno changu hiki. Mwisho kila mtu akaenda zake."

"Labda ameahirisha, bibi."

"Arobaini haiahirishwi, mwanangu. Roho haingoji mafundi wa paa."

Miaka ile simu za mkononi walikuwa nazo wachache, na Nedyalka hakuwa mmoja wao. Zornitsa alivaa viatu bila kufunga kamba, akaenda dukani kwa ufunguo wake, akaimwaga ile ndoo sakafuni. Alivitandaza vipande juu ya meza ya kukatia vitambaa, kimoja kimoja. Haikuwa karatasi ya mazishi. Ilikuwa mpya, iliyobandikwa Jumatano, na sura ya Lachezar ilikuwa ileile. Chini ya jina, maandishi yaliyobaki yalisema kwamba kwa sababu kanisa linatengenezwa, ibada itafanyika makaburi ya juu. Hakuwa ameisoma. Siku mbili nzima alifanya kazi mbele ya karatasi ile, akijua kila bonge la sufu limekaa wapi, na hakuwahi kuisoma.

Jumatatu, siku ya mazoezi dukani, Nedyalka alifungua duka mwenyewe. Alionekana mdogo zaidi ndani ya nguo zake nyeusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akapapasa mahali palipokuwa na karatasi kama mtu anayetafuta ufa.

"Zornitsa, ilikuwepo Ijumaa?"

Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipokuwa wazi, na Zornitsa akapita pembeni. Alisema hajui vizuri. Alisema labda ni upepo, shangazi, kulikuwa na upepo mkali.

Nedyalka aliketi kwenye kiti cha wateja. Alisema zile za mitini na za kituoni alijua theluji itaziharibu, na ya kanisani mafundi waliondoka nayo pamoja na mlango. Lakini ya dukani iko chini ya turubai, na kila anayeshuka kutoka vijiji vya juu Ijumaa, siku ya soko, hupita hapo. Ndiyo aliyoitegemea.

"Tulikuwa watatu," alisema. "Mimi, padri na mchimba kaburi. Nimepika ngano ya watu mia. Nilisema, wamemsahau mwanangu mapema hivi?" Akatazama mikono yake. "Kumbe si wao. Ni mimi. Nilikoroga gundi nyepesi. Kitu kimoja tu nilichobaki nacho cha kumfanyia, na hicho nacho nimeshindwa."

Zornitsa alianza kupanga upya nyuzi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Siku ile nzima alimtazama Nedyalka akiwapimia wateja nyuzi, na kila baada ya muda mama huyo alikwenda kwenye kioo na kukigusa. Jioni alimsikia akimweleza jirani habari ya gundi. Kosa la Zornitsa lilikuwa limepata mtu wa kulibeba, tena mtu aliyekuwa tayari amelemewa. Alichukia hata zile nyuzi mkononi mwake.

Usiku aliota anabandua kioo chenyewe. Asubuhi hakwenda shule kwanza. Alimkuta Nedyalka akifagia theluji mlangoni.

"Shangazi, gundi yako ilikuwa nzito," alisema. "Ilikuwa nzito mno. Nilitumia maji ya moto na wembe."

Nedyalka aliacha kufagia.

"Karatasi iliharibu dirisha langu. Nilitaka kuirudisha, ikachanika. Halafu nikakudanganya. Hukukosea kitu, shangazi. Ni mimi."

Muuza mikate alichungulia kutoka mlangoni mwake. Zornitsa alitarajia kofi, na pengine kofi lingekuwa rahisi kuliko swali alilopata.

"Uliisoma kabla ya kuibandua?"

"Hapana."

"Uliona sura yake, ukaona umeshaisoma." Nedyalka aliegemeza ufagio ukutani. "Jana nilikaa na wewe siku nzima. Ulinisikia nikijilaumu. Ukaninyamazia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nenda, mtoto. Leo siwezi kukuona."

Zornitsa alikwenda shuleni akilia hadharani, bila kujificha. Alimkuta Bi Karastoyanova kwenye chumba cha kuhifadhia ngazi na sanamu, akamweleza yote bila kuulizwa. Mwalimu alikuwa mtu mkali mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alama ile imefutwa, nafasi ya Plovdiv inakwenda kwa Vesela, na mazoezi yake atayarudia mwaka ujao. Zornitsa alijibu kwamba ameelewa. Aligeuka kuondoka.

"Simama," mwalimu alisema. "Hayo yalikuwa ya shule. Sasa la mama yule utalifanyaje?"

"Nimemwomba radhi. Hataki kuniona."

"Radhi inakupunguzia wewe mzigo. Yeye imempunguzia nini?" Mwalimu alichomoa penseli, akairudisha. "Jumamosi hii ni siku ya wafu. Mji mzima utapanda makaburini. Wale waliosimama kanisani siku ile wako wapi? Una miguu. Na una mkono wa kupamba, hata kama hustahili kusifiwa kwa sasa."

Basi jioni ile Zornitsa alirudi kwa Nedyalka na kusimama nje mpaka alipoulizwa anataka nini. Aliomba karatasi nyingine ya Lachezar na ruhusa ya kutumia dirisha. Nedyalka alifikiri, kisha akasema dirisha atumie, lakini yeye atakaa chumba cha nyuma, asisemeshwe.

Zornitsa alimshusha Pizho, akamshusha Penda. Aliondoa mlima wote wa sufu, akafungua pini, akakunja vitambaa, mpaka dirisha likabaki tupu kabisa. Alitandika kitambaa kimoja cheusi. Katikati, usawa wa macho, akaweka karatasi mpya yenye sura ya Lachezar, na chini yake maneno aliyoyaandika kwa mkono, kwa herufi za kuonekana kutoka duka la mikate: kwamba arobaini yake watu hawakuambiwa mahali, kwamba kosa halikuwa la mama yake, na kwamba Jumamosi Lachezar atawangoja makaburi ya juu. Akaweka jina lake mwenyewe, Zornitsa, aliyelibandua tangazo. Akaielekeza ile taa moja kwenye sura.

Watu walisimama. Waliopita mbele ya nyuso za wafu maisha yao yote bila kugeuka, walisimama na kusoma. Wengine walimsema Zornitsa vibaya palepale mbele yake, na yeye hakuondoka pale. Muuza mikate alisema kwa sauti kwamba siku hizi watoto wangepangusa hata misalaba wakiambiwa inaharibu mandhari. Siku zilizofuata, baada ya masomo, Zornitsa alipanda basi kwenda kiwandani na vijiji vya juu, akigonga milango. Kila mlango ilimbidi aseme tena ni nani aliyefanya. Haikuzoeleka hata mara moja.

Jumamosi theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na njia ya makaburini ilikuwa tope tupu. Walikuja. Vijana wa kiwandani walikuja na lori, wazee wa vijiji wakaja kwa miguu, Bibi Tsona na kiuno chake akaja na maua mapya manne. Walizunguka kaburi mpaka wengine wakabaki njiani. Nedyalka aligawa ngano yenye sukari kwenye vikombe vya karatasi, na kila aliyepokea alisema "Mungu amsamehe," kama ilivyo desturi ya kupokea chakula cha marehemu.

Zornitsa alisimama nyuma kabisa, kando ya Bi Karastoyanova. Hakuenda kuchukua ngano. Mwishowe Nedyalka ndiye aliyekuja, akiwa na kikombe cha mwisho.

"Arobaini yake ilipita na watu watatu," alisema. "Hiyo hairudi, na sitakudanganya kwamba imefutika. Nitaikumbuka nikiwa bibi kizee." Alivuta pumzi. "Lakini wewe ulikuwa na siri ambayo hakuna mtu angeijua, na ulikuja kuniambia mwenyewe. Kama ungenyamaza, ningekufa nikiamini nilishindwa kumkorogea mwanangu hata gundi. Ukweli wako ulichelewa siku moja, na siku hiyo moja ilinichoma. Usichelewe tena. Na kitu cha mtu, mtoto, hata kama ni karatasi, kisome kwanza kabla hujakiondoa. Huwezi kujua ameweka nini pale."

Bi Karastoyanova aliitikia kwa kichwa. Alisema yeye mwenyewe asingeweza kulifundisha somo hilo vizuri zaidi, na kwamba mpambaji anayejua jicho la watu linaangukia wapi ana deni la kuwaonyesha kilicho cha kweli.

Nedyalka alinyoosha kikombe. Zornitsa alikipokea kwa mikono miwili, mikono yenye nyuzi nyekundu na nyeupe zilizokwisha kuchafuka.

"Mungu amsamehe," alisema.

"Amsamehe," Nedyalka aliitikia. Kisha, alipokwisha kugeuka kurudi kwenye kaburi, aliongeza kwamba Jumatatu duka linafunguliwa mapema, na kwamba karatasi ya nusu mwaka wataibandika pamoja.